Mashine ya Turing au Lambda: Anayeanza Ashike Ipi?
Mwaka 1936, Alan Turing wa Uingereza na Alonzo Church wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake (Turing kwa mashine ya kuwazika, Church kwa mfumo wa alama uitwao lambda), walithibitisha kwamba yapo maswali ya hisabati ambayo hakuna kanuni ya kukokotoa inayoweza kuyajibu yote.

Mashine ya Turing ni utepe usio na mwisho, uliogawanywa vijumba, na kichwa kinachosoma kijumba kimoja kimoja. Andika 111 kwenye utepe huo, yaani tatu kwa alama za kuhesabia. Anza kushoto, kwa kanuni mbili tu: ukikuta 1, sogea kulia, ukikuta kijumba kitupu, andika 1 usimame. Tatu imekuwa nne. Hata mtoto wa darasa la nne ataifanya kwa penseli na karatasi ya miraba, na hapo ndipo ninapoipendea.

Church hana utepe. Katika lambda yake kila kitu ni fankisheni, yaani kanuni inayopokea kitu na kutoa kingine, hata namba: tatu maana yake ni "rudia jambo hili mara tatu". Kujumlisha na mbili ni kulirudia mara mbili zaidi. Wazo zuri mno! Ila humtatiza mgeni, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kikisogea. Aliyewahi kuandika programu kwa lugha za kompyuta kama Lisp au Haskell atalielewa haraka.

Kwa uwezo wa kukokotoa, njia hizi mbili hazizidiani. Turing mwenyewe alilionyesha hilo. Basi mimi ningeanza na utepe. Hatua zake huhesabika waziwazi, na ndiyo maana wanaochunguza ugumu wa matatizo ya kukokotoa bado wanautumia kupimia muda.