Kufuli ya namba: baiskeli imeenda, kufuli imebaki nzima

Wenye baiskeli hapa Malindi, zile kufuli za waya za namba nne msinunue. Yangu nilinunua duka moja la hadwea mjini, bei sitaji maana nikiikumbuka roho yaniuma. Juzijuzi nikaenda sokoni kuchukua samaki asubuhi, baiskeli nikaifunga kwa nguzo ya bango, waya nimeupitisha kwa fremu na gurudumu la nyuma, namba nikazivuruga zote. Sikukaa hata nusu saa. Narudi na samaki mkononi baiskeli hakuna, kufuli ndo iko! Imezunguka nguzo, imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo, yani mtu kaifungua kachukua baiskeli ya marehemu babangu halafu kaifunga tena.

Nikaipeleka dukani. Nikasalimu, nikasema ami, baiskeli imeibiwa na kufuli yako ndo hii. Akaigeuzageuza akanambia, "Si waiona nzima? Haijakatwa. Wewe ndo uliwapa watu namba." Mbele ya wateja! Namba hata mke wangu haijui. Na wallahi sikwenda kudai pesa, ningeambiwa pole tu ningeenda zangu.

Fundi baiskeli ndo alinifumbua macho. Akaivuta kufuli kwa mkono mmoja, huku wa pili azungusha kigurudumu cha kwanza polepole mpaka kikakwama kidogo, akaenda cha pili, cha tatu, cha nne, ikafunguka. Dakika mbili hazikufika na namba sikumpa. Mi nilijiambia namba nne ni michanganyo 10,000, nani atakaa juani aijaribu yote, kumbe kufuli ya rahisi ukiivuta yakwambia yenyewe.

Waya wenyewe sina neno nao, hii hewa ya chumvi inakula kila chuma lakini wake haukushika kutu, nilitaka niseme kwa kufungia vitu uani yafaa. Lakini hapana, hata uani sitaki kuiona.

Sasa natumia baiskeli ya shemeji, mnyororo mnene na kufuli ya funguo, na fundi kanionya mnyororo usilale chini maana mwenye mkasi wa chuma aukandamiza pale pale chini apate nguvu ya kuukata. Ya babangu ni Black Mamba, karia imefungwa waya wa shaba upande wa kulia, alizungusha mwenyewe kwa plaizi. Ukiiona mtaa wowote, tafadhali niambie.