TAHADHARI wenye boti Minnesota: yule fundi anayezunguka kuziandaa kwa winta ni TAPELI, kanipasulia injini

Wadau habari za jioni. Naandika hii nikiwa na hasira, na aibu pia ipo sitaficha. Tangu Jumamosi usingizi hauji, mama watoto ananiambia niache yaishe, lakini siwezi kuacha maana huyu mtu bado yuko mtaani, bado anapokea hela za watu, na humu najua wapo ambao Oktoba walimpa boti zao baada ya kuona mimi nimempa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Boti mnaijua, ni ile ya futi 18 tuliyoenda nayo ziwa la Mille Lacs. Ina MerCruiser ya silinda 4, injini imekaa ndani ya boti, siyo mashine ya kufunga nyuma. Mshike hilo maana ndipo aliponitapeli.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba, nyasi zimeshaanza kuamka nyeupe kwa barafu. Karakana iliyonifanyia miaka miwili ya kwanza wakasema foleni imejaa, nisubiri wiki mbili au zaidi, na bei wamepandisha. Nikapewa namba ya huyu jamaa na mtu ninayemheshimu sana, simtaji, naye hakujua. Napiga simu anapokea kwa Kiswahili, "shikamoo kaka", taratibu kabisa, ananiuliza boti futi ngapi, injini gani, imelala wapi, maswali ya mtu anayeijua kazi. Akasema dola 650 kila kitu: injini, oili ya giaboksi ya chini, dawa ya petroli, betri, na kuifunga lile plastiki jeupe linalobanwa kwa moto. Nikaona huyu ni wa kwetu, atakula riziki yake na mimi nitaokoa kidogo.

Akaja Jumapili saa nne asubuhi na pikapu ya kijivu. Nyuma ana mtungi wa gesi, roli la plastiki, galoni nne za ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, na ndoo kubwa yenye koki na mpira. Vifaa vyote vipo, kila kitu kimepangwa. Akavalisha yale masikio ya mpira kwenye mguu wa injini pale maji yanapoingilia, akaunganisha mpira wa ndoo, akamimina dawa. Halafu akaniita. "Kaka zunguka nyuma huku usimame uone kwa macho yako, mimi sipendi mteja aniamini kwa maneno."

Nikazunguka, nikasimama, na simu nimeshika narekodi. Akawasha. Yakatoka maji, ukatoka moshi, yakaja maji tena, halafu ghafla ikaanza kutoka PINKI, pinki imekolea inamwagika kwenye sementi. Akanyoosha mikono juu, "Umeona kaka? Injini imejaa dawa kichwa mpaka miguu, hii hata ije baridi ya namna gani haigandi." Akazima. Nadhani haikuzidi dakika tatu. Video ninayo mpaka leo, nimeiangalia sijui mara ngapi, kila nikiiangalia namwona anavyonichekea.

Sasa nimeshaelezwa na fundi wa kweli ni nini kilitokea pale, na kila mwenye injini ya ndani asome hapa taratibu. Injini ikiwa ya baridi thamostati, ule mlango mdogo unaofunguka injini ikipata moto, imefunga. Dawa inavutwa juu, inakuta mlango umefungwa, inapita pembeni kwenye ekzosti, njia ya moshi, na kutoka nje. Wewe unaona pinki unafurahi, kumbe bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, bado imejaa maji ya ziwa uliyokuwa unatembelea wiki iliyopita. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, na bloku ni chuma cha kutupwa, hakinyumbuki, kinapasuka tu. Kazi yenyewe ni kufungua plagi za ubavuni mwa bloku na za manifoldi ya ekzosti (lile bomba linalokusanya moshi wa injini), kuchomoa mipira, maji yote yatoke chini, tena unachokoa matundu kwa waya kwa sababu kutu na mchanga vinaziba unadhani yameisha kumbe yamo. Hapo ndipo dawa inamiminwa, bloku ikiwa tupu. Ukiimimina juu ya maji hata ikiingia inazimuliwa tu.

Na mimi NILIMWULIZA. Nataka mjue hilo. Nilimwambia fundi, mbona hatufungui plagi, wale wa karakana niliwaona wanafungua. Akanijibu bila kupepesa macho, "Hiyo ni ya zamani kaka, siku hizi dawa yenyewe inasukuma maji."

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimekulia kwenye boti, Yamaha ya kufunga nyuma naifungua na kuirudisha nikiwa nimefumba macho. Lakini Ziwa Victoria haligandi, hakuna mtu kule aliyenifundisha habari ya winta, na mashine ya nyuma ukiisimamisha wima maji yanajimwaga yenyewe. Injini ya ndani hii ndiyo ya kwanza kumiliki. Nikaona ninayemwuliza ndiye mwenye kazi, nikanyamaza. Halafu katikati ya kazi mama yangu akapiga simu ya video kutoka nyumbani, huyu jamaa akasogea akamsalimia, shikamoo mama, habari za huko, mama akafurahi, akamwombea baraka kwa kazi ya mikono yake. Mama yangu mzazi kamwombea baraka mtu aliyekuwa ananiibia dakika ile ile. Hilo sitamsamehe.

Baada ya hapo ikawa plastiki. Dakika ishirini hivi boti imefungwa kama yai, hajaweka hata tundu la hewa, akachukua kalamu akaandika tarehe ubavuni, akaniambia, "Usilifungue mpaka Mei, ukilifungua garantii imekufa." Nikamtumia hela kwa Zelle, ile ya kutuma hela benki kwa benki kwa simu, hapo hapo. Risiti akasema ataituma kwa meseji, haikuja. Januari baridi ikashuka mpaka chini ya sifuri 25, mimi nimelala natulia, natazama dirishani naona boti yangu imevaa nguo.

Jumamosi nikakata lile plastiki ili niwahi ufunguzi wa msimu wa kuvua samaki wa walleye. Harufu ya ukungu ikanipiga usoni, viti vyote vina madoa meusi. Betri aliyosema ameichomoa waya zake bado zimefungwa, imeisha chaji, imeganda, imevimba tumbo. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili imepita alama ya juu na rangi yake ni chai ya maziwa. Nikawasha tochi ya simu nikainama pembeni ya bloku, nikaona ufa, urefu wa kiganja, na michirizi ya kutu inashuka chini yake. Nikakaa kwenye sakafu ya boti. Mtoto ananiuliza baba vipi, sina jibu.

Jumatatu nikamleta fundi wa karakana. Akafungua plagi ya bloku, hakikutoka kitu. Akachokoa kwa waya, ukatoka mchanga wa kutu, halafu yakatoka maji. Maji matupu, hayana hata chembe ya pinki. Akaenda kwenye giaboksi ya chini, akalegeza skrubu, yakatangulia maji halafu oili ya zamani nyeupe nyeupe, ile ile niliyolipia ibadilishwe. Kubadilisha injini wanataka dola 7,800 na kazi ndani yake. Watu wa bima wameomba risiti ya aliyeiandaa, sina, wakasema uharibifu wa kuganda hawalipi.

Nikampigia. Mara ya kwanza alipokea, akasema "pole kaka, barafu ya mwaka huu ilikuwa kali." Barafu! Kwani nilikulipa dola 650 kwa ajili ya nini kama siyo barafu? Baadaye akanibloku. Nikapiga kwa simu ya mama watoto, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata.

Mimi nasema huyu asiachwe. Nafungua madai kwenye mahakama ya madai madogo ya kaunti, na malalamiko napeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, wanapokea malalamiko ya wateja bure. Wazee wetu hapa wamwite, wamkalishe mbele ya watu aeleze, alipe kila mtu aliyemfanyia hivi. Na mpaka alipe asipewe kazi yoyote, hata ya kukata majani. Watu wa namna hii ndio wanafanya tuogope kupeana kazi sisi kwa sisi, mtu unaishia kumlipa mgeni mara mbili kwa sababu wa kwenu kakuuma. Afikishwe mahali aone aibu ninayoiona mimi.

Dalili zilikuwepo, sasa ndiyo naziona. Chini ya boti pale karibu na injini palikuwa pakavu, hakuna maji yaliyomwagwa. Hakuondoka na oili chafu hata kopo moja, na hakuja na chombo cha kuikingia. Haraka ya kuifunga. Yale maneno ya usifungue mpaka Mei. Risiti hakuna, jina la biashara hakuna. Mengine nitakumbuka.

Sasa nasikia ameanza kuchukua kazi za kufungua boti, yaani anaenda kuwasha zile zile alizoziharibu, na akiiwasha yeye atasema umeiharibu mwenyewe majini. Kama alikufanyia Oktoba, USIWASHE na usimruhusu aiguse. Chomoa kijiti cha oili uangalie rangi na kimo, mulika tochi pande zote mbili za bloku na chini ya manifoldi, fungua plagi ya bloku uone kinachotoka ni pinki au ni maji, piga picha na tarehe ionekane. Wenye mashine za nyuma mna nafuu, lakini legezeni skrubu ya chini ya giaboksi muone oili, maana kama maji yalikuwemo yakaganda, nalo linapasuka.

Mimi Alhamisi naenda kaunti kufungua faili. Ambaye ana boti iliyopita mikononi mwake anitafute inbox kabla ya hapo, hata kama ni picha tu ya lile plastiki lenye mwandiko wake.