Gari la Mtumba Nyanda za Juu Kusini: Ununue Wapi Usiumie Mfukoni

Anayetafuta gari akiwa Mbeya, Iringa au Njombe ana njia nne zilizozoeleka, nami nimezipanga kwa kuangalia fedha itakayokuwa imetoka baada ya mwaka mzima, si bei ya siku ya kununua.

Ya kwanza ni gari lenye namba za Tanzania linalouzwa na mwenyewe katika mji unaoishi. Ushuru wake umekwisha kulipwa, fundi anayelihudumia anafikika, na unaweza kulikagua kabla halijawashwa. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu: Toyota IST yangu ya kwanza niliikagua mtaa wa Soweto, Mbeya, saa saba mchana, ikiwa ya moto kwa sababu muuzaji alikuja akiiendesha, na kesho yake alfajiri, kwa baridi ya Juni, iliwaka kwa shida na kutoa moshi wa bluu, dalili kwamba inakula oili. Siku hizi hufika saa kumi na mbili asubuhi, nikaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni ya baridi, kisha nikafungua kifuniko cha rejeta. Nikiona maji yenye kutu au utando wa mafuta naondoka bila hata kuuliza bei, maana gari la namna hiyo halipandi mlima Kitonga bila kuchemsha.

Ya pili ni kuagiza mwenyewe kutoka Japani. Gari huja likiwa na hali nzuri kuliko mengi ya hapa, ila kodi ndiyo mtihani: ushuru wa forodha ni asilimia 25, Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, na gari dogo lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Anza na kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni kabla ya kutuma hata dola moja, ukikumbuka pia safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini hadi Mbeya. Toyota Passo ya cc 996 huvutia wengi kwa sababu injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Lakini ukiijaza watu watano kwenda Tukuyu, itapanda milima ikilia kwa gia ndogo, na nafuu ile itaishia kwenye petroli.

Yadi za Dar es Salaam naziweka ya tatu. Unaliona gari kwa macho na kuondoka nalo, lakini faida ya mwenye yadi unailipa wewe.

Mnada wa magari ya ofisi ni wa mwisho, kwa kuwa gari huuzwa kama lilivyo, mara nyingi bila kuliendesha. Labda uwe na ndugu fundi.

Popote utakaponunua, linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari, na uangalie kama gari lina deni la faini za trafiki kabla ya kutoa fedha. Ukishalimiliki, teremka Kitonga kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote. Brekipedi zitadumu, nawe utafika Ruaha Mbuyuni bila harufu ya kuungua ndani ya gari.