Canon EF-S 55-250mm STM: lensi ya kuanzia kwa anayetaka picha za ndege chozi Bukavu

Masomo mengi ya mtandaoni kuhusu kupiga picha za ndege wanaonyonya nekta yameandikwa kwa ajili ya kolibri, na kolibri haishi Afrika. Spishi zake zote, zaidi ya 300, ziko Amerika. Huku kwetu kazi hiyo ya kunyonya maua inafanywa na chozi, na tofauti ya ndege hawa wawili inabadilisha orodha ya vitu vya kununua. Kolibri hunyonya akiwa ameelea hewani. Yule mwenye koo jekundu wa Amerika Kaskazini hupiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde, ndiyo maana wapigapicha wa kule hupanga flashi kadhaa kuzunguka ua moja. Chozi anaweza kuelea kidogo, lakini mara nyingi hutua. Anashika kikonyo, anachomeka mdomo wake uliopinda ndani ya ua, ananyonya, anarukia ua la pili. Pesa ya flashi ibaki mfukoni. Kinachotakiwa ni lensi inayokubali kufanya kazi karibu, na kwa anayeanza hatujaona inayofaa kuliko hii kwa bei yake.

Sababu ni hesabu tu. Chozi mdogo ana urefu wa sentimita 11 hivi. Ukiwa na apareyi ya Canon ya sensa ndogo, kama 700D au 2000D, lensi ikiwa kwenye 250mm, ndege huyo akiwa mita 3 anachukua karibu nusu ya upana wa picha. Mita 6, sehemu moja ya tano. Mita 10, anabaki sehemu moja ya nane, na ukiikata picha ili umkuze, manyoya yanageuka uji. Mwanzilishi akiona hivyo hukimbilia lensi ndefu zaidi. Sigma 150-600mm Contemporary, kwa mfano, ni lensi nzuri, lakini ina uzito wa karibu kilo 2 na haifanyi fokasi chini ya mita 2.8. Hii ya Canon ina gramu 375 na inafanya fokasi hadi sentimita 85. Unaweza kuishika mkononi muda mrefu bila trepie, na kwenye parseli ndogo ya Nguba au Kadutu, ambako ukuta wa jirani uko hatua chache tu, mita 3 ndizo unazoweza kupata.

Angalia maandishi kabla hujatoa pesa. Kuna lensi tatu za 55-250mm za Canon, na wauzaji wa vitu vilivyotumika huzichanganya. Ile ya 2007 na ile ya 2011 zinafanya fokasi kuanzia mita 1.1, mota yake ni ya polepole yenye kelele, na mdomo wa mbele huzunguka zikitafuta fokasi. Unayoitaka ni ya 2013: ina herufi STM, imeandikwa 0.85m, na mdomo wake hauzunguki. Ukipewa ya zamani kwa bei ya STM, irudishe kwenye meza. Kumbuka pia kwamba EF-S haiingii kwenye apareyi za sensa kubwa kama 6D au 5D.

Kuipima dukani hakuchukui muda. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uangalie kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni ukungu, na kwa unyevu wa kando ya ziwa Kivu ukungu hauponi wenyewe, huongezeka. Kisha ifunge kwenye apareyi, vuta hadi 250mm, washa kituliza mtikisiko na bonyeza kitufe nusu: picha kwenye dirisha la kuchungulia inapaswa kutulia, na utasikia mlio mdogo. Ikirukaruka, kituliza kimeharibika. Mwisho bandika gazeti ukutani, simama sawasawa mbele yake, piga kwa f/5.6 (tundu la lensi likiwa wazi kabisa), halafu kuza picha na ulinganishe herufi za kushoto na za kulia. Upande mmoja ukiwa umefifia na mwingine mkali, huenda lensi imewahi kuanguka. Kitako chake ni cha plastiki, kwa hiyo kagua nyufa pia.

Sasa matumizi. Usimfuate ndege, fuata ua. Mgomba unaotoa mkungu ni mahali pazuri mno, maana chozi hupenda nekta ya ua la ndizi, na Bukavu migomba haikosekani. Leonotis nayo, ile yenye mipira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa juu ya shina refu, huwapa pa kusimama wanaponyonya. Chagua ua ambalo nyuma yake kuna nafasi ya mita 4 au zaidi kabla ya majani au ukuta, ili nyuma pawe laini. Keti, usisimame, mita 3 kutoka hapo. Chozi dume hulinda maua yake. Akishafukuza mwenzake hurudi kwenye kijiti kilekile, na hapo ndipo unapompatia.

Jua liwe mgongoni mwako. Hili halina mjadala, kwa sababu mng'ao wa chozi hautoki kwenye rangi ya kawaida bali kwenye umbo la unyoya linavyorudisha mwanga. Yule mkubwa wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu, Nectarinia kilimensis, akigeuza shingo kidogo tu kichwa kinatoka kijani kinachowaka na kuwa cheusi kabisa. Mwanga ukitoka nyuma yake utapata kivuli chenye mdomo. Kwa hiyo bonyeza wakati kichwa kinapogeuka, usingoje atulie.

Anza na kasi ya 1/1000 ya sekunde, f/6.3, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) otomatiki isiyozidi 3200, fokasi ya AI Servo (inayomfuata ndege anaposogea) kwenye nukta ya katikati peke yake, na picha za mfululizo. Ukiacha nukta zote 9 zifanye kazi, apareyi itachagua jani lililo mbele. Akielea, panda hadi 1/2000. Kwa mita 3 na f/6.3 eneo lililo kali halizidi sana sentimita 3, hivyo nukta iwe kwenye jicho; ikikaa kifuani, kifua kitabaki kikali na jicho litapotea. Ndege mweusi mbele ya majani meusi, punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (stop), la sivyo mng'ao unaungua. Mbele ya mbingu nyeupe ya msimu wa mvua, ongeza hatua moja.

Udhaifu wake upo. Haina swichi ya kuizuia isitafute fokasi mbali, kwa hiyo ikimkosa ndege inaweza kusafiri hadi mwisho na kurudi, na chozi ameshaondoka. Dawa ni kufanya fokasi kwenye ua mapema, kabla ndege hajafika. Pete ya fokasi haifanyi kazi apareyi ikiwa imelala, basi ongeza muda wa kujizima hadi dakika 4. Kofia ya jua, ET-63, haimo kwenye boksi. Na f/5.6 ni ndogo kwa msituni: ukipanda Tshivanga kutafuta chozi wa milimani wa mbuga ya Kahuzi-Biega, chini ya miti utajikuta ISO 6400 na picha zenye chembechembe. Huko Canon 70-300mm IS II USM ya 2016 inashika fokasi haraka zaidi, ingawa mwanga inaopokea ni uleule, ina gramu 710 na inaanzia mita 1.2.

Fanyia kazi ndani ya parseli. Lensi ndefu barabarani huita maswali, na usiielekeze kamwe kwenye mpaka wa Ruzizi, kambi au watu wenye silaha. Kiota nacho kiache. Chozi hukitundika kama mfuko kwenye tawi, na anayekata majani ili aone vizuri anawaonyesha makinda kwa mwewe.

Jioni usiirudishe kwenye mfuko wa ngozi. Ifute, iweke kwenye debe la plastiki la chakula linaloziba vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Vikiisha nguvu vianike juu ya jiko lenye moto mdogo hadi vikauke. Mchele usitumie, unaacha unga kwenye pete ya kuzungusha.