Kaseti ya mkononi na faili la dijitali: nilichosikia kwenye hedifoni

Hukumu naitoa mapema kwa wasio na muda. Kwa usafi wa sauti, kaseti ya kubeba haifiki kwa faili la dijitali, hata kanda ikiwa nzuri na mashine imepita kwa fundi anayeijua kazi yake. Hata hivyo zipo albamu ambazo mimi nazisikiliza kwa kaseti huku faili lake limelala kwenye simu, na sababu yake si ule "ujoto" ambao wapenzi wa kaseti huutaja kila wakati.

Nilikuwa na Sony WM-D6C, ile Walkman Professional iliyotoka 1984, iliyofanyiwa sevisi kamili. Pembeni yake nikaweka kicheza kaseti kipya cha siku hizi, ambacho jina lake naliacha. Upande wa dijitali ni simu yenye faili za FLAC (faili za sauti zilizobanwa bila kupoteza kitu) ikipitia DAC ndogo ya USB, yaani kifaa kinachogeuza dijitali kuwa sauti. Hedifoni ni Sennheiser HD 600 na Koss Porta Pro. Kabla ya yote nilisawazisha volyumu kwa mlio wa hezi 1,000 na mita ya volti, kwa sababu sikio hupenda kinacholia kwa nguvu zaidi, na tofauti ya desibeli moja tu inatosha kukupa mshindi wa uongo. Wengi wanaobishana kuhusu sauti hawafanyi hivi, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kinachosikika kwanza ni ule mlio wa "shhhh". Kwenye spika sebuleni unafichwa na kelele za chumba, lakini HD 600 inauleta ndani ya kichwa, hasa kati ya wimbo mmoja na unaofuata. Kanda ya kawaida bila Dolby, yaani mfumo wa kupunguza kelele za kanda, inakupa nafasi ya kama desibeli 50 hivi kati ya muziki na kelele yake. CD yenye biti 16 inakaribia 96. Dolby B hupunguza kelele za juu kwa takriban desibeli 10, na Dolby C takriban 20. Ukitembea barabarani na Porta Pro masikioni, magari yanaumeza mlio wote na wala huukumbuki.

Kuyumba kwa kasi ndiko kulikonichosha zaidi. Kanda ya kaseti ina upana wa milimita 3.81 na hupita kwenye hedi (sehemu inayosoma kanda) kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati mashine za studio kwa kawaida zilikimbiza kanda pana kwa sentimita 38. Kwa mwendo huo wa polepole, kila kasoro ya mota, beliti au rola inageuka kuwa sauti. Weka ngoma na gitaa la umeme, hutaona tatizo. Weka piano, noti ndefu inayofifia yenyewe, usikilize mkia wake: kwenye kicheza kipya ulikuwa unatetemeka kama taa inayotaka kuzimika. Kwenye WM-D6C, ambayo kasi yake inasimamiwa na fuwele ya kwatzi, mkia ulinyooka kiasi kwamba ilinibidi nikaze sikio. Faili halina habari hiyo kabisa, noti inashuka mpaka kimya. Baada ya kulizoea hilo, piano ya kaseti naiona ngumu kuvumilia, na hapo hakuna Dolby itakayokusaidia.

Hicho kicheza kipya pia hakina Dolby. Kaseti nyingi za zamani zilirekodiwa kwa Dolby B, maana yake sauti nyembamba za juu ziliinuliwa makusudi ili mashine izishushe wakati wa kucheza na kelele ishuke nazo. Isiposhusha, sauti inatoka kali na "shhhh" inabaki. Kuna watu wanaisifu kuwa ni sauti ya wazi. Mimi naiona ni kazi iliyoachwa nusu.

Sasa huo ujoto. Nilichukua faili la FLAC nikalirekodi kwenye kaseti ya kromu kwa WM-D6C, sauti ikiwa juu kidogo, kisha nikaichezesha kaseti hiyo na kuirudisha kwenye kompyuta. Kanda ikijazwa hivyo, sauti za juu ndizo hushiba kwanza, na matoazi yanalainika, besi inaonekana kunenepa. Lile faili la pili, lililotoka kwenye kaseti, lilikuwa na ujoto wote. Nilipolilinganisha na kaseti yenyewe bila kujua kinacholia ni kipi, sikuweza kuvitenganisha. Kwa maneno mengine dijitali inabeba tabia zote za kaseti bila kupoteza kitu, lakini kaseti haiwezi kubeba faili bila kuliachia alama. Anayependa alama hiyo ana haki yake, ila asiseme kwamba dijitali haina uwezo wa kuitoa.

Basi kwa nini kuna albamu nazirudia kwa kaseti? Ni masta, yaani rekodi iliyoandaliwa kwa ajili ya toleo. Albamu kadhaa za miaka ya 1980 zilipotolewa upya kwa CD na baadaye kwa faili, sauti yake ilibanwa ili ilie kwa nguvu mwanzo hadi mwisho: ngoma haishtui tena, mwimbaji akinong'ona anasikika sawa na akipiga kelele. Kaseti ya wakati ule imebaki na milima na mabonde yake. Pamoja na kelele na kuyumba, ngoma yake inapiga. Hapo kosa ni la aliyeandaa toleo jipya, kwa kuwa CD ya kwanza ya albamu hiyohiyo, ukiipata, mara nyingi inazishinda zote mbili.

Kaseti hizo nimeshazihamishia kwenye FLAC, na HD 600 imebaki upande wa dijitali. WM-D6C natembea nayo na Porta Pro kwa raha tu, ingawa ni nzito na inakula betri 4 za AA. Ukitaka kununua kicheza kaseti, nenda na kaseti ya piano, isikilize mpaka noti za mwisho, na ufungue mlango uangalie kama hedi imelika kabla hujatoa hela.