Saa Janja au Saa ya Kawaida: Ipi Itangulie

Kwa mnunuzi ambaye haja yake ni kujua majira na kuamka kwa wakati, nafasi ya kwanza naipa saa ya kawaida ya betri, na mfano wake mzuri ni Casio F-91W, iliyoingia sokoni mwaka 1989 na ambayo hadi leo inauzwa. Ina kengele, kalenda na uzito wa gramu 21 tu. Betri yake hudumu takriban miaka 7, na ikiisha, fundi saa hufungua skrubu nne za nyuma na kuweka nyingine ukiwa umesimama hapohapo. Taa yake ni hafifu mno, hilo sikatai. Kwa kuwa feki zimezagaa, bonyeza kitufe cha kulia bila kukiachia kwa sekunde 3 hivi, na isipoandika CASIO kwenye kioo, mrudishie muuzaji.

Ya pili ni bangili janja, kama zile za Xiaomi, ambayo huhesabu hatua na mapigo ya moyo na kukaa na chaji kwa siku nyingi. Anayetaka kufuatilia mazoezi hahitaji zaidi ya hapo.

Saa janja kamili (smartwatch), inayounganishwa na simu, naiweka ya tatu, nayo inunuliwe baada ya kuangalia simu uliyo nayo, kwani Apple Watch hudai iPhone, ilhali Galaxy Watch ya Samsung, tangu toleo la Watch4 la mwaka 2021, haiunganiki na iPhone. Nyingi huhitaji chaja kila siku au baada ya siku chache, jambo linalosumbua panapokatika umeme mara kwa mara. Jihadhari hasa na zile za bei ya kutupa zinazodai kupima sukari bila kuchoma kidole: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa yoyote ya namna hiyo, na mgonjwa wa kisukari akiziamini anaweza kukosea kipimo cha dawa.

Seiko 5, saa ya mitambo isiyo na betri inayojijaza nguvu kwa mwendo wa mkono, ni ya mwisho kwa sababu hukosea sekunde kadhaa kila siku na matengenezo yake ni ghali, ingawa kwa uzuri ingeongoza.

Yoyote utakayochagua, igeuze usome mgongo wake: maandishi ya mita 30 yanamaanisha kustahimili marashamarasha ya mvua na kunawa, wala si kupiga mbizi, kwa kuogelea tafuta walau mita 50.