Roketi ya maji yenye mabawa: vifaa ni vizuri, lakini funga kamba kwanza kabla ya kuirusha

Sai ni wiki ya sita tangu ninunue hii seti ya roketi ya maji, ile iko na mabawa mawili makubwa kama ya ndege, na nimeona niandike juu najua kuna walimu na wazazi wengine huku Kisumu wameiona online na wanajiuliza kama inafaa. Mimi ni patroni wa klabu ya sayansi kwa shule moja upande wa Mamboleo. Niliagiza moja, elfu nne na mia tano, ikaletwa na parseli ya basi siku ya tatu, imefungwa vizuri na hakuna kitu kimevunjika.

Jibu la haraka kwa wenye hawana wakati: nunua, lakini ukiiunganisha vile karatasi ya maelezo inasema, itapinduka hewani.

Kwanza mazuri yake. Kile kifaa cha kushikilia chupa na kuiachilia ukivuta kamba ni kigumu, hakivuji, na raba zake ni nzito. Pampu iko na geji inasoma vizuri, nimeilinganisha na ya fundi wa baiskeli pale Kibuye zikasoma sawa. Inatumia chupa ya soda ya lita moja na robo, hiyo unapata popote, na mabawa ni ya foamu ngumu imekatwa safi. Vijana wangu waliiunganisha kwa saa moja na nusu bila kuniuliza kitu.

Sasa shida. Mara ya kwanza tulitia maji theluthi moja ya chupa, tukapampu hadi 60 kwa geji (psi, kipimo cha presha), tukahesabu, tukavuta kamba. Ilipanda kama mita tano hivi halafu pua ikainuka nyuma, ikapiga samasoti mbili ikaanguka kwa nyasi. Mara ya pili ni vile vile. Karatasi inasema ikikataa kwenda sawa uongeze presha, tukaongeza kidogo, ikawa mbaya zaidi, ikaja upande wa watoto na ni Mungu tu walikuwa wamesimama mbali. Hapo niliwaambia tusimame, asirushe mtu tena mpaka tujue ni nini.

Shida yenyewe ni hii. Roketi hujishika sawa hewani kama pahali inapobalansi kwa uzito pako mbele ya pahali upepo unaisukumia, yaani ukichukua nguvu yote ya upepo kwa mwili, mabawa na mapezi ya mkia ukaiweka kwa nukta moja, hiyo nukta lazima ikae nyuma ya ile ya uzito. Ikiwa nyuma, roketi ikiyumba upepo unasukuma mkia unarudi kwa laini. Ikiwa mbele, upepo unasukuma pua na roketi inageuka. Sasa weka mabawa makubwa katikati ya mwili na pua iwe kofia ya plastiki tupu haina uzito, umeleta ile nukta ya upepo mbele na ya uzito umeiacha nyuma. Ndio maana roketi ya kawaida yenye mapezi ya mkia tu hata mtoto wa gredi ya nne anairusha ikaenda, lakini hii ya mabawa inasumbua.

Tulipima. Ikiwa tupu ilibalansi kwa kidole sentimita 30 kutoka kwa pua. Ya upepo tulitafuta kwa njia ya katoni, unachora kivuli cha roketi yote vile ilivyo, unakikata, unakibalansi kwa ukingo wa rula. Hiyo si hesabu kamili, inaleta nukta mbele kidogo kuliko vile iko ukweli, lakini ni afadhali ikukosee upande huo juu inakufanya uwe mwangalifu. Ilikuja 29. Yaani upepo mbele ya uzito! Na kawaida ya watu wa roketi ni upepo ukae nyuma ya uzito kwa umbali usiopungua upana wa mwili, na chupa yetu ni kama sentimita 9. Kwa hivyo hatukuwa karibu, tulikuwa upande mwingine kabisa.

Tukahakikisha na kamba. Funga kamba hapo inapobalansi, shika na selotepu isiteleze, halafu izungushe juu ya kichwa uwanjani kamba ikiwa mita mbili au tatu. Roketi nzuri itatangulia na pua. Yetu ilitangulia na mkia, halafu ikawa inabingirika tu. Hii jaribio hata NASA wameieleza kwa masomo yao ya roketi ndogo na haina gharama yoyote, ni kamba. Kama kuna kitu kimoja utachukua kutoka kwa hii rivyuu chukua hiyo kamba.

Marekebisho sasa. Tuliongeza gramu 70 kwa pua, nusu ya mpira wa tenisi na plastisini ndani. Tafadhali usiweke msumari wala nati za chuma mbele, hiyo kitu inarudi chini kwa kasi na pua lazima iwe laini. Tukabandua mabawa tukayarudisha nyuma sentimita 5. Mapezi ya mkia tukayaongeza ukubwa kwa ile plastiki ya mabango ya kampeni, ni nyepesi na haiharibiwi na maji. Tulipopima tena, nukta ya uzito ilikuwa sentimita 24 na nusu kutoka kwa pua, ya upepo 34. Kwa kamba ikatangulia na pua, vijana wakapiga makofi kabla hata ya kuirusha.

Lakini bado! Tulipoirusha haikupinduka, ila ilijikunja polepole nyuma ikachora duara kubwa. Hapo nilikaa nayo jioni nyumbani nikaiangalia kutoka mkiani jicho moja nimefunga, ndio nikaona mabawa yameinama, mbele iko juu kidogo kuliko nyuma, na la kushoto limeinama zaidi ya la kulia. Ile nafasi ya kuchomeka bawa imekatwa hivyo kiwandani. Ukiirusha kwa mkono kama ndege ya karatasi huo mwinamo ni mzuri, inaelea, lakini nguvu ya bawa inakua kwa mraba wa kasi, kasi ikiwa mara mbili nguvu ni mara nne, na roketi ya maji inatoka kwa kasi kubwa sana. Kamba haikuonyesha hiyo juu pale unazungusha polepole. Tulikata nafasi upya, mabawa yakalala sambamba na mwili, na vile vipande vya kukunja nyuma ya bawa tukavinyoosha kabisa.

Kitu cha mwisho ni maji yenyewe, na hii ilinichukua muda kuielewa. Maji yanakaa upande wa mkia, mililita 400 ni gramu 400, nzito kuliko roketi yote! Kwa hivyo wakati wa kutoka uzito uko nyuma hata kama umepima vizuri ikiwa tupu. Inapona tu kwa sababu maji yanaisha kufumba na kufumbua. Seti haiji na chuma cha kuiongoza, inatoka tu kwa kishikio ikiwa huru. Fundi wa jua kali alitukatia chuma chembamba kilichonyooka cha mita moja na nusu kwa mia mbili, tukabandika vipande viwili vya mrija wa soda kwa chupa viteleze juu yake. Ikiachana na chuma maji karibu yote yameshatoka na uzito umerudi mbele.

Jumamosi iliyofuata tulienda uwanjani saa mbili asubuhi, kabla ule upepo wa ziwa haujaanza, juu mchana unavuma na roketi yenye mabawa inageukia vibaya kule upepo unatoka. Ilipanda wima, ikapita mikaratusi yote, ikajizungusha kidogo tu kama mara moja na nusu, ikageuka pua chini ikarudi. Binti mmoja ambaye huwa haongei darasani alikimbia uwanja wote akiifuata akiita "Ticha imeenda! Ticha imeenda!" Tumerusha kumi na nne tangu siku hiyo na hakuna imepinduka.

Tangazo linasema ikifika juu inaelea irudi polepole kama ndege. Haielei. Ukiipa uzito wa pua wa kutosha ipande sawa inashuka mwinamo mkali, na ukitoa uzito ielee inapinduka ikipanda. Kupata vyote viwili unahitaji kitu cha kubadilisha mabawa ikiwa juu, na hii seti haina. Hilo tangazo waliondoe.

Chupa badilisha ikipata mkwaruzo wowote, watoto wasimame mita kumi na zaidi, na usipite kile kikomo cha presha kiko kwa karatasi, hapo wako sawa.

Wenye kutengeneza seti nimewapa nyota tatu. Nimeshawaandikia, na siku wataweka mstari mmoja kwa karatasi unaosema roketi inafaa kubalansi wapi, na wairekebishe ile nafasi ya mabawa, nitarudi hapa niongeze ya nne.